Namna ya kujadili utashi huru bila kuzunguka palepale

Mjadala wa utashi huru, yaani uwezo wa mtu kuamua mwenyewe, na udetaminizimu huwachosha watu mapema kwa sababu maswali mawili huulizwa kana kwamba ni moja. Chukua karatasi uyatenge kabla hujatamka neno. La kwanza: je, kila tukio, ukiwemo uamuzi wako, linafuata kwa lazima kutoka kwa hali zilizotangulia na kanuni za maumbile? Hilo ndilo dai la udetaminizimu. La pili: dai hilo likiwa kweli, uhuru unabaki? Fizikia inaweza kusaidia swali la kwanza. La pili ni la falsafa tupu. Anayejibu kwamba unabaki, kama wanafalsafa Hobbes na Hume, tumwite mpatanishi. Anayekana ni mtenganishi, awe anaukataa udetaminizimu ili auokoe uhuru au anaukataa uhuru wenyewe. Muulize mwenzako amesimama wapi. Mara nyingi mtagundua kila mmoja alikuwa anajibu swali lake.

Kisha weka majaliwa kando. Asemaye "ajali haina kinga" anamaanisha litakalokuwa litakuwa, ufanye usifanye. Udetaminizimu haudai hivyo. Juhudi yako ni mojawapo ya sababu: mtaka cha mvunguni huinama, na kuinama ndiko kunakompa. Chrysippus, mwanafalsafa wa Kigiriki wa kale wa shule ya Wastoa, alijibu hivyohivyo hoja kwamba mgonjwa hana haja ya tabibu ikiwa kupona kwake kumeshapangwa: huenda kumepangwa apone kwa kumwita tabibu.

Sasa andika hoja ngumu kuliko zote, hoja ya matokeo, ambayo mwanafalsafa Peter van Inwagen aliinoa sana katika kitabu chake cha 1983. Hatuna uwezo juu ya yaliyotokea kabla hatujazaliwa. Hatuna uwezo juu ya kanuni za maumbile. Udetaminizimu ukiwa kweli, matendo yetu yanafuata kwa lazima kutoka kwa hayo mawili. Basi hatuna uwezo juu ya matendo yetu. Kusema "lakini najihisi huru" hakuigusi hoja hii hata kidogo. Sharti uonyeshe sentensi ipi ni mbovu, au wapi hitimisho halifuati.

Wapatanishi wengi hulivamia neno "uwezo". Hapa pima kwa makini kitenzi "angeweza". Kinaweza kumaanisha: angetaka vingine, angefanya vingine. Kwa maana hiyo udetaminizimu haumzuii mtu. Au kinamaanisha: angefanya vingine hata kila kitu, pamoja na matakwa yake, kikiwa vilevile. Maana hiyo udetaminizimu unaifuta. Usimruhusu yeyote, wewe ukiwemo, aanze na maana moja na kumalizia na nyingine. Maana ya kwanza nayo ina ufa. Mtu mwenye hofu kali ya mbwa angetaka kumpapasa mbwa, angempapasa. Ila hofu haimruhusu hata kutaka. Je, kweli anaweza? Mpatanishi asiye na jibu hapa hajamaliza kazi.

Njia nyingine ya kuikwepa hoja hiyo ilifunguliwa na mwanafalsafa Harry Frankfurt mwaka 1969. Mtu ameshika kalamu, anataka kutia saini hati ya wizi. Asichokijua ni kwamba kichwani mwake kimefichwa kifaa: akielekea kukataa, kitamlazimisha asaini. Anasaini kwa tamaa yake mwenyewe. Kifaa hakikugusa chochote. Hakuwa na njia nyingine, lakini lawama ni yake. Basi huenda wajibu wa kimaadili, yaani kustahili lawama au sifa, hauhitaji njia mbadala. Kabla ya kushangilia, uliza kifaa kinajuaje. Ikiwa dalili inayoutangulia uamuzi haikosei kamwe, mfano umeshauingiza udetaminizimu kimyakimya. Ikiwa hukosea, basi njia nyingine ilikuwepo. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu yenye utajiri zaidi katika mjadala mzima, na inastahili muda wako kuliko zote.

Mtu atataja ubongo ili kuukana uhuru. Jua takwimu zenyewe. Katika jaribio la mtafiti wa ubongo Benjamin Libet la 1983, washiriki walikunja mkono au kidole walipojisikia, huku wakitazama nukta iliyozunguka kila sekunde 2.56, kisha wakaeleza ilikuwa wapi walipohisi msukumo. Ishara ya umeme ya ubongo ilianza kupanda takriban milisekunde 550 kabla ya msuli kusogea; msukumo uliripotiwa milisekunde 200 hivi kabla. Kosa la kawaida ni kuruka moja kwa moja hadi "ubongo uliamua kabla yako". Ishara hiyo hupatikana kwa kutafuta wastani wa majaribio mengi yaliyoishia kwenye mwendo, kwa hiyo haielezi mara ambazo ilipanda bila mwendo kufuata. Mwaka 2012 mtafiti wa ubongo Aaron Schurger na wenzake walionyesha kwamba kupanda huko kwa ishara kunaweza kutokana na mitikisiko ya nasibu inayokusanyika hadi kuvuka kizingiti. Zaidi ya hayo, kukunja kidole bila sababu yoyote ni mbali na uamuzi uliopimwa kwa siku kadhaa.

Na mwenzako akikimbilia fizikia ya kwanta, ile ya chembe ndogo kabisa, mkubalie kwamba huenda si kila tukio limefungwa, kisha umuulize: mkono wako ukirushwa na bahati nasibu ndani ya atomu, wewe umefanya nini hapo? Mtenganishi anayetetea uhuru anadaiwa jibu hilo hata kama udetaminizimu ni uongo.