Kabla ya kukiamini kisu porini

Kisu kipya kinajaribiwa uani, siku kadhaa kabla ya safari. Kambini jua likizama ni kuchelewa. Niliwahi kupanda nacho Usambara kisu kilichonunuliwa juzi yake: kinene, kinang'aa, kina meno mgongoni. Jioni ya kwanza kikapasua kuni tatu. Ya nne bapa likabaki limekwama ndani ya kuni, na mimi nikabaki na mpini mkononi. Msuka wake, yaani chuma cha bapa kinachoingia ndani ya mpini, ulikuwa kipande kifupi kama nusu ya kidole, kimegandishwa kwa gundi ndani ya plastiki.

Tangu hapo naulizia msuka kwanza. Chukua visu vya Mora, vya Sweden. Msuka wa kile kiitwacho Companion unaishia ndani ya mpini. Wa Garberg unafika mpaka kitakoni, na bapa lake lina unene wa milimita 3.2. Companion si kibaya, kwa kuchonga mimi nakipenda zaidi kwa wembamba wake. Ila kazi ya kupigwapigwa mpe Garberg.

Kuni za kujaribia nunua, au tumia matawi ya mwarobaini uliyopogoa nyumbani. Kwenye hifadhi za mazingira asilia kama Magamba na Amani huruhusiwi kujikatia miti, na Kilimanjaro wapanda mlima hawawashi kuni kabisa.

Anza na maranda, maana ndiyo yanayosema ukweli wa makali. Shika kijiti kikavu cha unene wa kidole gumba, kisimamishe juu ya gogo, uteremshe kisu taratibu bila kukata mpaka chini. Randa lijikunje na libaki limeshikamana na kijiti. Rudia mpaka kijiti kiwe na kishungi cha maranda membamba yanayopitisha mwanga; hayo hushika moto hata msimu wa mvua. Kisu kikichimba au kurukaruka, makali bado. Endelea dakika 20, kisha kitazame kiganja. Mpini wenye kona utakuwa umeshaacha wekundu chini ya kidole gumba, na kwa siku mbili za safari wekundu huo ni lengelenge.

Unapochonga usikae ukakatia katikati ya mapaja. Upande wa ndani wa paja unapita mshipa mkubwa wa damu, na kituo cha afya kiko mbali. Piga goti, ukatie pembeni. Bandeji iwe karibu hata hapo nyumbani.

Cheche hutolewa kwa mgongo wa kisu, kamwe si kwa makali. Mgongo uliolainishwa hauparuzi kijiti cha kuwashia moto, kile cha chuma kinachotoa cheche kikikwanguliwa. Unatakiwa uwe na kona kali ya kukwangua ukucha. Lenga kwenye makumbi ya nazi yaliyochambuliwa mpaka yawe kama pamba.

Kupasua kuni kuje baadaye. Kuni iwe nyembamba kuliko urefu wa bapa, ili ncha ichomoze upande wa pili uipige kwa rungu la mti. Nyundo ya chuma itakiharibu. Epuka palipo na fundo la tawi. Kila baada ya mapigo kumi shika bapa kwa kitambaa, utikise mpini. Ukisikia mchezo wowote, hata mdogo, kisu hicho kibaki jikoni.

Kisha kinoe kwa kijiwe kilekile utakachobeba. Kama huwezi kukirudishia makali ukiwa umekaa kibarazani, kwenye baridi ya Lushoto hutaweza.

Kama ni cha chuma cha kaboni, katia embe bichi, kipanguse tu, kilale usiku mmoja. Doa la kijivu liache. La rangi ya kutu lisugue, upake mafuta ya nazi. Mwisho kitie alani, igeuze ala kichwa chini, itikise kwa nguvu juu ya mchanga. Kikidondoka, tafuta ala nyingine kabla hujafunga begi.