Jinsi ya kulisoma jiwe la mtoni: mwongozo kutoka Mto Zigi, Tanga

Tukisema jiwe la mtoni ni laini, tunasema habari ya mkono unaoligusa. Ugumu wake ni jambo jingine, na ndio unaotambulisha jiwe kuliko rangi. Rangi naiweka mwisho, maana kutu na mwani hulivika jiwe jeupe kahawia.

Beba ndoo, msumari wa chuma na ndimu. Nenda kiangazi, maji yakiwa madogo, na uwaulize wenyeji kuhusu mamba kabla ya kuingia.

Hatua ya 1. Lisugue, ulichovye majini. Jiwe kavu huficha mistari yake, likilowa huonekana.

Hatua ya 2. Lizungushe kiganjani. Mafuriko huyagonganisha mawe, na pembe ndizo huisha kwanza. Lenye kona kali bado halijaburutwa sana. Ubapa usikudanganye: jiwe lenye ulanga mwingi (madini ya kung'aa yenye tabaka nyembamba) hupasuka bapa tangu mwanzo.

Hatua ya 3. Likwaruze kwa msumari, kisha ufute kwa kidole. Hapa wanafunzi wangu wengi hukosea. Kwenye kwatzi, madini magumu yenye ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs (1 ni laini kabisa, 10 ni gumu kabisa), utaona mstari wa kijivu na kudhani jiwe limekwaruzika, kumbe ni chuma cha msumari kilichobaki juu. Jiwe la chokaa, ambalo ugumu wake ni kama 3, huchimbika kweli na kutoa unga mweupe.

Hatua ya 4. Kamulia ndimu juu ya unga huo, uinamie karibu. Chokaa hutoa vipovu vidogo, polepole.

Sasa yaunganishe. Zigi hushuka kutoka milima ya Usambara Mashariki, upande wa Amani, ambako mwamba mwingi ni naisi: mistari myeusi na myeupe, pengine na vidoa vyekundu vya ganeti. Ulipikwa na kukandamizwa chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Huku chini Amboni, karibu na jiji la Tanga, kuna chokaa ya zama za Jurasiki, enzi za dinosaria, ileile ambayo maji yaliimumunya yakafanya mapango. Basi ukiwa Amboni na mawe mawili ya kijivu, moja likatoa vipovu na jingine likagoma likiwa na mistari, la kwanza ni mwenyeji, la pili ni mgeni wa milimani. Chokaa haistahimili safari ndefu. Kwatzi hufika hadi baharini ikiwa mchanga.

Andika kwenye kila jiwe mahali ulipoliokota. Safari ijayo panda hadi karibu na Amani, uokote naisi kumi, uzilinganishe kona zake na hizi za Amboni.