Usiliite shada: kupanga maua ya mvua za kwanza ukirudi Mwanza

Mara ya kwanza nilipokata maua ya bustani ya mama pale Nyegezi na kuyaingiza sebuleni, jirani aliyekuja kuomba chumvi alisimama mlangoni, akashusha sauti. "Poleni jamani. Nani tena?" Kwetu maua yaliyokatwa huingia nyumbani kwa harusi au kwa msiba, na siku hiyo hapakuwa na dalili ya harusi. Kwa hiyo kabla hujashika mkasi, chunga ulimi: ukiwa nyumbani usiseme unatengeneza shada. Shada huwekwa kaburini. Sema unapanga maua ya mezani, na usiyazungushe duara.

Nawaandikia ninyi mlioko Ulaya au Kanada, mliokwisha kuonja Machi na Aprili za huko, dafodili na tulipu zinapochomoza baada ya baridi, na sasa mnarudi likizo Oktoba au Novemba mkitamani kumpangia mama meza kama hiyo. Mwanza haina majira hayo. Ina vuli. Mvua mbili tatu za kwanza zikishuka, vumbi linalala kwenye miamba na bustani inaamka.

Jambo la kwanza ni kuacha vitunguu vya tulipu huko huko. Tulipu huhitaji wiki 12 hadi 16 za baridi ya friji ndipo itoe ua, na Mwanza haijawahi kuwa na baridi hiyo. Isitoshe, mimea haiingii nchini kiholela: inahitaji kibali na cheti cha afya ya mimea, na wanaosimamia ni TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Mimi nilivibeba kwa ujinga, zamani hizo. Mama akaviweka kapuni pamoja na vitunguu maji, na ni pua yake tu iliyotuokoa siku ya pilau. Vingekuwa vya dafodili ingekuwa balaa zaidi, maana vile ni sumu kabisa.

Ulichojifunza huko lakini hakipotei. Unakumbuka dafodili inavyotoa ute unaodhuru tulipu, hadi uiweke kwenye maji yake peke yake usiku kucha kabla ya kuchanganya? Nyumbani mwenye tabia hiyo ni franjipani na ndugu zake wenye utomvu mweupe. Ukikata franjipani, choma ncha ya kikonyo kwa mshumaa au ichovye kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 20 hivi, utomvu uzibe. Usijipanguse jicho kabla ya kunawa.

Kata saa kumi na mbili asubuhi, moja ikizidi sana. Saa nne jua la ziwani limeshakunywa maji yote yaliyomo kwenye vikonyo. Nenda na ndoo yenye maji, usibebe maua mkononi kama kuni.

Bogenvilia ndiyo iliyo kila ukuta, na ndiyo inayowakatisha watu tamaa, kwa sababu hunyauka ndani ya saa moja. Kile unachokiona chekundu au zambarau si ua, ni majani yaliyobadilika rangi. Ua lenyewe ni kale kadogo keupe katikati. Ondoa majani yote ya kijani, kisha zamisha tawi zima kwenye beseni la maji kwa saa moja. Likitoka hapo litakustahi siku kadhaa. Zinia ni rahisi: shika kikonyo chini kidogo ya ua, kitikise, kikiyumba bado ni changa, kikisimama imara kata. Tekoma ya njano hupukutika mezani, lakini mimi huiweka hivyo hivyo, napenda ile zulia ya njano chini yake. Jakaranda usijisumbue nayo, iache mtini.

Vichakani utaona ua jekundu lenye kingo za njano, petali zimejikunja juu kama miali ya moto, na jani linaishia kwa kikono cha kudakia. Hilo ni gloriosa, na linadumu kwenye maji kuliko karibu kila kitu nilichotaja. Mizizi yake huua, basi kata ua tu, na watoto wasilichezee.

Magugu maji nayo yana ua zuri la zambarau, najua. Usiyaguse. Yaliingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 yakafunga njia za mitumbwi, na ua lake hata hivyo halimalizi siku mbili. Ulaya mimea hiyo imepigwa marufuku kuuzwa tangu 2016, kwa hiyo wala usifikirie kurudi na kumbukumbu.

Chombo? Jagi la bati la mama linatosha. Kunja kipande cha waya wa banda la kuku, kisukumie ndani. Kinashika vikonyo vizuri kuliko sponji ya dukani na kinaoshwa kikatumika tena. Anza na mashina matatu ya mafunjo kutoka ufukweni ili upate urefu, halafu gloriosa, halafu bogenvilia ikining'inia upande mmoja, zinia zijaze chini. Zile rangi za Aprili, njano ya maziwa na waridi hafifu, hapa zinamezwa na mwanga. Thubutu: nyekundu, chungwa na zambarau kali pamoja.

Lita moja ya maji, kijiko cha chai cha sukari, matone matatu ya jiki. Badilisha kila siku, kwa joto lile siku mbili ni nyingi. Weka mbali na feni, mbali na upepo wa mchana kutoka ziwani, na mbali na mkungu wa ndizi unaoiva, maana gesi yake huzeesha maua haraka.

Haibiskasi iwe ya mwisho kabisa. Inaishi siku moja tu, iwe majini au mezani bila maji, kwa hiyo kila asubuhi inachomekwa mpya. Mama ameichukua kazi hiyo. Nikipiga simu jioni, kabla ya habari za magoti yake, ananitajia rangi ya leo.