Masta ya afya ya umma: jinsi ya kuisoma bila kukariri madesa

Wanaoingia masta ya afya ya umma wanatoka kila mahali, udaktari, uuguzi, maabara, wengine sosholojia au uchumi kabisa, na wale wa wodini ndo huwa wanahangaika zaidi mwanzoni, manake wamezoea mgonjwa mmoja aliyekaa mbele yao na huku kila swali ni la maelfu ya watu ambao hutakaa uwaone. Kwa hiyo zoea hili mapema: ukikutana na namba yoyote jiulize, kati ya wangapi? Ukiambiwa wilaya moja ina wagonjwa 400 na nyingine 90 bado hujaambiwa kitu, mpaka ujue kila wilaya ina watu wangapi na hao wagonjwa wamehesabiwa kwa muda gani.

Kila mwalimu atakusimulia bomba la John Snow, yule daktari aliyeonyesha kwamba kipindupindu cha London 1854 kilitoka kwenye maji ya bomba la mtaani, sawa, ila mi naona utamu hauko kwenye bomba, uko kwenye jedwali lake la kampuni mbili za maji. Nyumba za Southwark and Vauxhall, waliokuwa wanavuta maji ya mto Thames pale palipojaa maji taka ya jiji, zilikuwa 40,046 na vifo 1,263. Za Lambeth, waliokuwa wamehamia kuvuta maji upande wa juu wa mto, kabla haujapokea maji taka ya jiji, zilikuwa 26,107 na vifo 98. Chukua karatasi ugawanye mwenyewe: upande mmoja unapata vifo kama 315 kwa kila nyumba 10,000, upande wa pili hawafiki 38. Zaidi ya mara nane! Usisome tu kwamba ni mara nane, gawanya.

Na ndivyo epidemiolojia (somo la jinsi magonjwa yanavyosambaa kwenye jamii na kwa nini) na takwimu zinavyosomwa, kwa mkono kwanza, programu baadaye. Jifunze kuchora lile jedwali la vyumba vinne, wenye ugonjwa na wasio nao, waliopima chanya na waliopima hasi, mpaka ulichore usingizini. Mfano: watu 1,000, wagonjwa 10, kipimo kinakamata 90% ya wagonjwa na kinawatoa hasi 90% ya wazima. Wagonjwa 9 watatoka chanya, lakini kati ya wazima 990 wapo 99 watakaotoka chanya pia, kwa hiyo kati ya chanya 108 ni 9 tu wanaoumwa kweli, kama 8% hivi. Ukishaielewa hiyo kwa karatasi hakuna mtihani utakaokubabaisha na swali la kipimo, aliyekariri fomula anaichanganya na nyingine saa hiyohiyo.

Programu za kuchambua takwimu sasa. R ni ya bure, Stata na SPSS za kulipia, watu wanabishana sana ipi bora, mi nasema tumia anayoijua supavaiza wako kwa sababu ukikwama saa nne usiku yeye ndo wa kumuuliza (kesho yake lakini, mwache alale). Cha muhimu amri zako zote ziandike kwenye faili uzihifadhi, usibonyezebonyeze menyu, manake data ikirekebishwa itabidi urudie kila kitu.

Sera, mazingira, tabia za jamii, hizi watu wanazidharau halafu zinawaangusha kwenye insha. Azimio la Alma-Ata la 1978, lile la huduma ya afya ya msingi kwa wote, lisome lenyewe, ni fupi, ukimaliza jiulize nani analipa na nani anaachwa nje.

Risechi ndo inayochelewesha watu kumaliza, na mara nyingi si kwa uvivu, ni swali kubwa mno. Lianze muhula wa kwanza. Swali likigoma kuingia kwenye sentensi moja yenye kina nani, nini, wapi na lini, lipunguze. Kabla hujakusanya data chora majedwali matupu ya matokeo utakayoyaonyesha, ukikuta swali la dodoso halina jedwali la kwenda, lifute. Fikiria pia kitu cha tatu kinachoweza kukudanganya: wanywa kahawa wanaweza kuonekana wanapata saratani ya mapafu zaidi, kumbe wengi wao wanavuta sigara, na kama hukuuliza habari ya sigara kwenye dodoso hakuna takwimu itakayokuokoa baadaye. Makala tafuta PubMed (tovuti ya kutafutia makala za utafiti wa afya), marejeo weka Zotero (programu ya kuyatunza na kuyapanga) tangu siku ya kwanza, zote bure.

Halafu kibali cha maadili. Kamati zinachukua muda, wanarudisha fomu kwa sababu ya karatasi ya ridhaa isiyoeleweka au kwa kutosema data utaitunzaje, kwa hiyo ile ridhaa mpe mtu asiye wa fani aisome kwanza, na usiguse mshiriki hata mmoja kabla barua haijatoka, hata kujaribisha dodoso waulize kwanza wanaruhusu au la.