Dar hadi Lusaka kwa basi: jinsi ya kupiga hesabu ya saa ya kufika

Kila anayekata tiketi ya Lusaka pale stendi ya Mbezi huuliza: "Kaka, tunafika lini?" Ramani ya simu humpa jibu la gari dogo lisilosimama popote. Mimi nimesimama mlangoni mwa basi njia hii kwa miaka, na hesabu yangu ni hii.

Hatua ya 1: Tafuta kilomita za barabara. Kwa mstari ulionyooka ni kama 1,500, lakini hizo ni za ndege. Barabara inazunguka Morogoro, Iringa na Mbeya: kama 930 hadi Tunduma mpakani, kisha 1,010 hivi kutoka Nakonde, upande wa pili wa mpaka, hadi Lusaka. Usizichanganye na 1,860 za reli ya TAZARA. Treni inaishia Kapiri Mposhi, na hapo Lusaka bado kama kilomita 200.

Hatua ya 2: Gawa kwa mwendo wa kweli. Basi linaruhusiwa 80 kwa saa, na 50 penye makazi. Sasa toka Mbezi uende Chalinze uone: kijiji hakijaisha, kingine kimeanza. Vigwaza kuna mizani. Mikumi barabara inakatiza hifadhini, na ukimgonga mnyama kuna faini. Halafu Kitonga. Lori moja likiharibika kwenye kona, foleni inashuka mlima mzima. Abiria wanateremka, huyu anachimba dawa, yule anampigia mkewe, dereva amezima injini na kuvua viatu. Kwa hiyo upande wa Tanzania mimi hutumia 50: 930 ÷ 50 ni masaa 18 na nusu. Zambia vijiji viko mbalimbali, natumia 60, napata karibu 17. Chakula na kuchimba dawa vimo humo humo.

Hatua ya 3: Ongeza mpaka. Tunduma na Nakonde ni kituo cha pamoja tangu 2019, kwa hiyo pasi haichukui muda. Kinachokula muda ni mizigo iliyo chini ya basi. Weka masaa manne.

Hatua ya 4: Geuza saa. Hapa ndipo wengi huanguka, nami nikiwemo. Tiketi ya 06:00 ni saa 12 asubuhi. Ondoka Jumatatu saa hiyo, uko Tunduma saa 6:30 usiku, unavuka saa 10:30 alfajiri ya Jumanne, unaingia Lusaka saa 3:30 usiku. Hiyo ni saa ya Dar. Zambia iko nyuma kwa saa moja, kwa hiyo kule ni saa 2:30 usiku.

Mwaka fulani nilimwandikia mama mmoja hivyohivyo kwenye karatasi, "2:30 usiku", akaipiga picha na kumtumia mwenyeji wake asiyejua Kiswahili. Yule akasoma 02:30, yaani saa nane na nusu. Mama wa watu akakaa stendi na mabegi yake masaa sita. Tangu siku hiyo, ya kumtumia mwenyeji naiandika kwa saa za kule, tena kwa tarakimu nne.

Hatua ya 5: Tuma ujumbe. Mfano: "Nafika Jumanne, 20:30 saa za Lusaka. Usitoke nyumbani mpaka nikupigie nikiwa Kabwe."