Somo: DS1621, chipu inayopima joto na kuwasha balbu yenyewe

Wafugaji wenzangu wa Tabora mnaijua Julai. Mchana jua kali, usiku baridi inaingia hadi chini ya mlango, na ukitegemea kuamka saa nane usiku kuwasha au kuzima balbu ya mashine ya kutotolesha, siku ya 21 utahesabu mayai viza. Mwaka jana mimi nilipika mayai 30. Nyaya zote zilikuwa sawa. Nilikosea biti moja tu, yaani tarakimu moja ya 0 au 1 ndani ya mipangilio ya chipu. Nitaifikia.

DS1621 ni chipu ya miguu minane iliyobuniwa na Dallas Semiconductor. Inapima kuanzia nyuzi -55 hadi 125, kwa hatua za nusu nyuzi. Sensa nyingi zinakupa namba tu, kazi ya kuamua inabaki kwa programu yako. Hii unaipa mipaka miwili, TH ya juu na TL ya chini, inaitunza ndani yake hata umeme ukikatika, na mguu wake wa tatu, Tout, unageuka wenyewe joto likivuka mipaka hiyo. Arduino, kile kibao kidogo cha kompyuta unachokiandikia programu, ni mwalimu tu. Programu ikiganda usiku, chipu inaendelea na zamu.

Nyaya. Mguu 1 (SDA, waya wa data) nenda A4 ya Arduino Uno, mguu 2 (SCL, waya wa mapigo ya saa) nenda A5. Kila mmoja uvute kwenye volti 5 kwa resista ya kiloomu 4.7. Mguu 4 ni hasi, mguu 8 ni volti 5. Miguu 5, 6 na 7 ni ya anwani: yote mitatu iunge kwenye hasi, anwani itakuwa 0x48 (0x mbele ya namba maana yake imeandikwa kwa heksadesimali, hesabu ya kumi na sita). Usiiache ikining'inia. Mguu 3 unaingia kwenye moduli ya rilei ya volti 5 (swichi inayoendeshwa kwa umeme mdogo), na rilei inawasha balbu mbili za wati 40 za kizamani, zile zenye uzi ndani unaotoa joto. Upande wa volti 230, kama hujazoea, mwite fundi umeme, kuku watasubiri.

Chipu ining'inie usawa wa mayai, mbali na balbu. Feni ndogo ya kompyuta izungushe hewa muda wote.

Biti iliyonipikia mayai. Moduli nyingi za rilei zinazouzwa madukani zinawaka ingizo likiwa chini, siyo juu. Kwa hiyo tunataka Tout iwe chini kukiwa na baridi, na ipande juu joto likifika TH. Hiyo ndiyo kazi ya biti ya POL, na lazima iwe 1. Mimi niliacha 0. Kadiri boksi lilivyopata moto, balbu nazo zikang'ang'ania kuwaka. Tuma amri 0xAC, kisha 0x02. Ukiisoma tena utakuta biti nyingine zimewaka, usishtuke; nyingine ni taarifa za chipu yenyewe. Angalia mbili za mwisho tu: 1 na 0.

Mipaka. Kwa mashine yenye feni natumia 37.5 na 37. Baiti ya kwanza ni nyuzi kamili, ya pili ni nusu: 0x80 kama ipo, 0x00 kama haipo. TH: tuma 0xA1, 0x25, 0x80. TL: tuma 0xA2, 0x25, 0x00. Baada ya kila uandishi subiri milisekunde 10. Andika mara moja tu, usiweke kwenye mzunguko wa programu, maana kumbukumbu ya aina hii huchakaa kwa kuandikwa andikwa.

Kuanza. Tuma 0xEE, chipu inaanza kupima mfululizo. Amri hii iweke mwanzoni mwa programu ili itumwe kila umeme unaporudi. Kusoma joto ni 0xAA, unarudishiwa baiti mbili. Subiri kama sekunde moja kati ya usomaji.

Kabla ya kuweka yai hata moja, sogeza chipu karibu na balbu iliyowaka hadi ipite 37.5 uone rilei inakata. Kisha acha boksi tupu usiku mzima.

Maswali

*Mkuu, kwa nini usitumie DS18B20? Ni rahisi kupata.*
Ni nzuri kwa kupima, tena inasoma hatua ndogo zaidi. Nayo ina TH na TL, ila haina mguu wa kutoa amri kwa rilei. Lazima Arduino iulize na iamue. Ikiganda, na wewe umelala, ndiyo basi.

*Fundi, mimi nasoma 255 tu.*
Chipu haijibu. Angalia resista za SDA na SCL, halafu miguu ya anwani. Tisa kwa kumi ni mmoja wa hiyo unaelea.

*Shikamoo kaka. Naweza kuhakiki kwa kipimajoto cha hospitali?*
Marahaba mdogo wangu. Unaweza, lakini kile cha zebaki kinashikilia joto la juu kabisa kilichofika. Kikung'ute kwanza kila unapopima. Na kumbuka chipu yenyewe inaweza kupishana nusu nyuzi.

*Niko Ujiji, nina friza ya samaki. Itafaa?*
Itafaa, ila geuza: friza inatakiwa kuwaka joto likipanda, kwa hiyo kwa moduli hiyohiyo POL iwe 0. Acha nafasi pana kati ya mipaka ili kompresa isiwake na kuzima ovyo, mfano TH -15 na TL -18. Namba hasi unaitoa kwenye 256: 0xF1 na 0xEE. Hiyo EE hapa ni joto, siyo amri ya kuanza. Halafu rilei ndogo ya balbu haiwezi mshtuko wa kompresa, tafuta kontakta, yaani rilei kubwa ya kuwashia mota.