Kabla ya Kutumia sort, Kagua Mipangilio ya Lugha na Eneo

Wengi wetu tunaotumia Linux hudhani kwamba amri ya sort, inayopanga mistari ya faili, ina alfabeti moja tu, kumbe mfuatano inaoutoa hutegemea lugha na eneo vilivyowekwa kwenye mfumo. Tengeneza faili lenye majina Zawadi, asha na Baraka, kila jina katika mstari wake, kisha ulipange mara mbili:

LC_ALL=C sort majina.txt
LC_ALL=en_US.UTF-8 sort majina.txt

Amri ya kwanza hutoa Baraka, Zawadi, asha, kwa sababu C, mpangilio wa msingi usiofuata lugha yoyote, hulinganisha namba za baiti tu, na herufi kubwa (65 hadi 90) hutangulia ndogo (97 hadi 122). Ya pili, inayofuata Kiingereza cha Marekani, hutoa asha, Baraka, Zawadi. Majibu yakifanana, kagua kwa locale -a kama en_US.UTF-8 imesakinishwa, maana sort isipoipata hurudi kwenye C kimyakimya. Ukiongeza --debug, itakutajia kanuni inazofuata.

Kati ya vigezo vya mfumo vinavyoamua mpangilio huu, LC_ALL ikiwekwa hushinda vyote; isipokuwepo hutazamwa LC_COLLATE, na mwisho LANG.

Tatizo hujitokeza hasa mafaili mawili yanapokutana. Amri za comm (hulinganisha mafaili mawili) na join (huyaunganisha) hutaka mafaili yote mawili yawe yamepangwa kwa kanuni zilezile zinazotumika wakati wa kuziendesha. Niliwahi kupoteza asubuhi nzima nikitafuta kosa katika skripti iliyofanya kazi vizuri nilipoiendesha mwenyewe lakini ikaharibika chini ya cron, programu inayoendesha kazi kwa ratiba, ambako LANG haikuwekwa. Tangu hapo, kila skripti yangu inayopanga data huanza na export LC_ALL=C, ambayo pia huharakisha kazi kwenye mafaili makubwa. Orodha ya kusomwa na watu ni jambo jingine: C itaweka ng'ombe kabla ya ngano, kwa kuwa ritifaa ni baiti ya 39.

Hata jina la mpangilio likibaki lilelile, kanuni zake zaweza kubadilika. Toleo la 2.28 la glibc, maktaba ya msingi ya Linux inayobeba kanuni hizo, la mwaka 2018, lilizibadilisha: chini ya en_US.UTF-8, matoleo ya awali yaliweka 11 kabla ya 1-1, na mapya huweka 1-1 kwanza. Kwa hiyo, anayehamisha hifadhidata ya PostgreSQL inayotegemea glibc kwa kunakili saraka yake ya data kutoka seva ya zamani, aendeshe REINDEX, amri ya kujenga upya faharasa, kwenye faharasa za maandishi kabla ya kuwaruhusu watumiaji kuingia.